Kitone Kilichojitenga

Katika mtihani wa katikati ya muhula wa somo la takwimu nilipata alama thelathini na moja kwa mia. Ninaiandika idadi hiyo mwanzoni kabisa ili baadaye nisipate nafasi ya kuificha. Nilikuwa na miaka sabini na miwili, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Busan, na muhula uliotangulia nilikuwa nimeshapewa onyo la maandishi. Sheria yao ni fupi: wastani wako ukishuka chini ya mbili, yaani chini ya C, kwa mihula miwili mfululizo, jina linafutwa. Masomo mengine nilikuwa nayamudu. Takwimu ndiyo iliyonishika koo. Nilihitaji C, isiyopungua hapo, na kilichobaki ni kazi moja ya kikundi na mtihani wa mwisho.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa mzembe. Ushahidi ulikuwa kwenye simu.

Msichana mmoja wa darasa letu, Seol Hae-rin, ndiye aliyenifungulia chumba cha kusomea kwa kamera ndani ya simu yangu. Darasa zima tulikuwamo, watu arobaini. Unaisimamisha simu, jicho la kamera unalielekeza mezani, na wenzako wanaona mikono yako na daftari lako, basi. Uso hauonekani. Sauti imefungwa. Pembeni mwa jina lako kuna saa inayohesabu. Mikono ikiondoka mezani, saa inasimama.

Siku ya kwanza niliufungua mlango wa chumba hicho saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikidhani nitakuwa peke yangu. Mikono ya watu kumi na saba ilikuwa imeshafika. Mmoja ulikuwa na uzi mwekundu kifundoni, mmoja una plasta kidoleni, mmoja unapapasa maganda ya chungwa huku mwenzake ukiandika bila kujali. Nyumba kumi na saba, mitaa kumi na saba, nasi tumekaa meza moja. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka kumi na tisa, ghalani nyuma ya kanisa, baada ya zamu ya kiwandani, watu ishirini na wawili kwa taa moja, tukigombania mahali ambapo kivuli cha kichwa cha mwenzako hakifiki. Niliitazama ile mikono mpaka macho yakaniloa. Kisha nikaiinamia simu.

"Baba Mi-gyeong," mke wangu akasema kutoka jikoni, "sasa unaisujudia simu?"

"Nawasalimia wenzangu."

"Kwani wanakuona?"

"Wanaona mikono."

"Basi iinamishe mikono, mgongo uuache. Jana tu nimekubandika dawa."

Kwa wiki sita jina langu, Tak Yong-bae, lilikaa juu kabisa katika orodha ya chumba kile. Saa kumi na mbili kwa siku. Kiwanda cha viatu kilichukua saa kumi na mbili za siku yangu kwa miaka thelathini na mmoja. Sikuona kwa nini masomo yapate pungufu. Vijana wale, waliozaliwa na vidole vinavyocheza juu ya kioo, walikuwa chini yangu, saa saba, saa sita. Siwezi kusema sikujivuna. Kisha yakatoka matokeo, na mimi niliyekuwa wa kwanza kwa saa nilikuwa wa tatu kutoka mwisho kwa alama. Nilikaa kwenye ngazi za chuo na simu mkononi, nikahesabu tarakimu zile mbili kama vile zingeongezeka.

Kikundi chetu kilikuwa na watu watatu: mimi, Hae-rin, na kijana anayeitwa Bong Tae-hyun. Hapa pana jambo. Kwetu, aliyeingia shule kabla yako ni mtangulizi wako, na mtangulizi huinamiwa. Tae-hyun aliingia chuoni miaka minne kabla yangu, akaenda jeshini, akafanya vibarua, akarudi. Kwa hiyo nilimwita Mtangulizi na kumsemesha kwa lugha ya heshima. Yeye alikuwa na miaka ishirini na minne.

"Mzee, nakuomba," aliniambia tulipokutana katika chumba cha vioo cha maktaba. "Watu wanageuka. Mama akisikia kwamba wewe unaniinamia, atanichapa na mwiko."

"Wewe uliingia mwaka gani?"

"Najua, lakini..."

"Na mimi nimeingia mwaka gani?"

"Mzee!"

"Basi keti, Mtangulizi. Tuanze kazi."

Hae-rin aliziba mdomo kwa daftari, mabega yanacheka. "Kubali tu, Tae-hyun. Ila kumbuka, mtangulizi ndiye anayelipia chakula cha mchana. Sheria ni sheria."

"Ndiyo maana unamtetea!"

"Mimi nina njaa, simtetei mtu."

Kazi tuliyochagua ilihusu wanafunzi wenyewe: saa wanazosoma ndani ya vyumba vya kamera, na alama wanazopata. Hae-rin alitunga maswali mafupi, akayatuma kwa simu, na kabla hatujamaliza kahawa majibu yalianza kuingia. Kiwandani, kuhesabu tu watu wa zamu moja kulimchukua karani asubuhi nzima. Sisi kufikia jioni tulikuwa na watu mia moja na kumi na wanane, wote bila majina. Mimi pia nilijibu. Niliandika kweli, saa na alama, kwa sababu nilifundishwa kwamba kazi ya shule haidanganywi.

Siku tatu baadaye Tae-hyun aliigeuza kompyuta yake tuione.

"Chini ni saa kwa siku," alisema. "Pembeni ni alama. Kila mtu ni kitone kimoja. Mko tayari?"

Akabonyeza kitufe. Watu mia moja na kumi na wanane wakaanguka juu ya kioo kwa mpigo mmoja, kama ufuta uliomwagika. Nilishtuka nikasogeza kiti nyuma. Nilikuwa nimesubiri mstari. Nilidhani nitaona ngazi: saa zaidi, alama zaidi, kama pea za viatu zinavyoongezeka zamu ikiongezeka. Kulikuwa na kafito kadogo kanakopanda, ndiyo, lakini kanene na kenye ukungu. Waliosoma saa nne walikuwa juu na walikuwa chini. Waliosoma saa nane, vilevile. Nikawaza kwamba kila kitone kina mama yake na chumba chake, na mashine imewaweka wote mahali pao kwa kufumba na kufumbua, hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

"Sasa mwoneni huyu," Tae-hyun akasema, akigusa kioo kwa kalamu. Kulia kabisa, chini, kwenye kona, palikuwa na kitone kimoja peke yake. "Saa kumi na mbili kwa siku, alama thelathini na moja! Huyu amesoma au amelalia kitabu?"

"Labda amekosea kujaza," Hae-rin akasema.

"Au ni mwongo. Saa kumi na mbili! Ameiwekea kamera mikono ya sanamu. Anatuvutia mstari wote chini. Tumfute tu, kitone kilichojitenga namna hii kinaruhusiwa kufutwa, imo kwenye kitabu."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kwa nafsi yangu ningeweza kunyamaza. Hakuna jina pale. Kitone kingetoweka, na mimi ningeendelea kuwa mzee wa kwanza kwenye orodha. Lakini nilifikiria neno lenyewe, kufutwa, na kwamba ofisi ya chuo ilikuwa ikingoja kunifanyia jambo hilohilo mwezi wa saba.

"Usimfute," nikasema. "Ni mimi."

Masikio ya Tae-hyun yaliwaka. Alisimama, akainama mpaka paji la uso likakaribia meza, akaomba radhi mara tatu, na nilipomwambia mtangulizi hamwinamii mdogo wake akazidi kuchanganyikiwa. Hae-rin hakusimama. Alikuwa anakitazama kile kitone.

"Babu," akaniuliza, "huwa unasomaje hasa?"

Nilifungua begi, nikatoa rundo. Siwezi kukana kwamba nililitoa kwa fahari. Ghalani kwetu hatukuwa na vitabu vya kutosha, na walimu, wanafunzi wa chuo waliojitolea, walitufundisha njia moja: nakili somo kwenye karatasi, ukimaliza nakili tena katikati ya mistari, na tena juu yake, pande zote mbili, mpaka weupe uishe. Karatasi nyeusi, ndivyo tulivyoiita. Asubuhi mwalimu hakukuuliza umeelewa nini. Aliinua karatasi kwenye mwanga. Nilikuwa bingwa. Kwa karatasi nyeusi nilifaulu mitihani ya msingi, ya kati na ya sekondari, mmoja baada ya mwingine, mpaka nywele zikageuka.

Tae-hyun aliishika moja kwa ncha za vidole. "Hii mimi nilipewa shule ya kati. Kama adhabu. Nilichelewa siku mbili."

"Adhabu?"

"Kurasa tano. Sikumbuki hata niliandika nini."

"Kwetu ilikuwa heshima," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Hae-rin alinirudishia rundo kwa mikono miwili. "Kesho asubuhi tusome sura ya saba, mimi na wewe, saa sita nzima, kila mtu kwake. Kamera iache irekodi. Nitakuonyesha kitu."

Kesho yake alasiri aliniletea picha mbili zinazokwenda, kila moja dakika moja. Mashine ilikuwa imezikunja saa sita zikaingia ndani ya dakika. Nilizitazama jikoni, mke wangu akichungulia begani.

Ya kwanza ilikuwa yangu. Nikaona mkono wangu, madoa yake ya uzee, kovu la kisu cha kukatia soli. Ulikuwa unakwenda. Kushoto kulia, kushoto kulia, ukurasa unajaa kama maji yanavyopanda ndani ya ndoo, unageuzwa, mwingine unajaa. Haukusita hata mara moja. Kwa dakika nzima, yaani kwa saa sita, mkono ule haukusimama mahali popote kuuliza kitu.

"Huo si mkono wa kusoma," mke wangu akasema.

"Ni wa nini?"

"Ni mkono wako wa gundi. Naujua. Tulikaa meza moja miaka kumi na minne. Ulikuwa unapaka soli namna hiyohiyo, kichwa kiko kwingine, unaota kwenda shule."

Nikafungua ya pili. Mkono wa Hae-rin uliandika mstari, ukaganda. Kalamu ikagonga meza. Mkono ukatoka kwenye picha, ukarudi, ukafunga kitabu. Ukaandika bila kitabu, ukafuta, ukachora kitu kama kilima, ukakikata, ukachora tena. Kisha ukakaa kimya, kiganja juu ya karatasi, muda mrefu kiasi kwamba nilidhani picha imekwama. Halafu ukaandika mistari minne mfululizo kama mtu aliyeitwa jina lake. Katika saa sita alijaza ukurasa mmoja na nusu. Alama zake za katikati ya muhula zilikuwa tisini na nne.

Niliirudia mara tano. Nimeishi muda mrefu na nimeona madaraja yakijengwa juu ya bahari ya mji huu, lakini sikuwahi kuona kufikiri. Nilijua watu wanafikiri, kama ninavyojua kwamba damu inazunguka. Pale kwenye kioo kisichozidi kiganja, niliona kufikiri kwenyewe, kunakuja, kunapotea, kunarudi. Mkono uliosimama ndio uliokuwa kazini.

Tangu siku hiyo nilisoma kwa njia yake. Swali moja, kitabu kimefungwa, karatasi nyeupe. Nilichukia. Nilikuwa nakaa mbele ya weupe ule nikitoka jasho, na nikishindwa nilisimama kutembea, na nikisimama saa ya simu nayo inasimama. Jina langu lilianza kuporomoka. La pili, la kumi, la thelathini. Siku jina lilipofika la mwisho, kwa saa tatu na dakika hamsini, mtu nisiyemjua kwa sura chumbani alinitumia ujumbe: "Wewe mkono wenye kovu, unaumwa? Tumezoea kukuona." Nilimjibu kwamba mimi ni mzima, nimeanza shule.

Tae-hyun alinifundisha mchana, tukila supu ya nguruwe na wali, ambayo aliilipia kwa kulalamika.

"Mzee, sahau fomula. Mtawanyiko. Watu wako mbali kiasi gani na katikati yao. Basi."

"Katikati gani?"

"Katikati tu! Wastani! Ee Mungu wangu, kula kwanza, supu inapoa."

Sikuelewa. Niliondoka, nikafika nyumbani, nikaweka karatasi nyeupe. Chora kilima, swali lilisema, na ueleze kwa nini kinakuwa kirefu katikati na chembamba pembeni. Niliweka kiganja juu ya karatasi. Nilikaa. Mke wangu alipita, akarudi.

Ndipo nikakumbuka oda. Kila oda ya viatu vya wanaume iliyoingia kiwandani ilikuja na karatasi ya saizi: pea nyingi za 260, yaani milimita za unyayo, pungufu kidogo za 255 na 265, chache za 250 na 270, halafu pea mbili tatu za 240 na 285. Mwaka baada ya mwaka, wanunuzi tofauti, umbo lilelile. Tulirundika maboksi ukutani kwa saizi, na rundo la katikati lilikuwa refu kuliko mtu, yale ya pembeni yakifika goti. Nilipaka gundi chini ya kilima hicho miaka thelathini na mmoja. Nilikiegemea nikila wali wangu. Hakuna aliyewapanga watu wawe na miguu hivyo, na kila mmoja aliingia dukani kununua chake bila kumuuliza mwenzake. Hata hivyo wote kwa pamoja walikuwa wamekijenga, na kilikuwa na jina, na watu walikuwa wameandika hesabu yake kabla babu yangu hajazaliwa.

Kalamu ilianguka. Mke wangu akaja mbio.

"Kifua?"

"Maboksi," nikasema. "Yale maboksi ya ukutani, Mama Mi-gyeong. Ndiyo yenyewe."

"260 katikati," akasema polepole, maana naye aliyabeba. Akavuta kiti, akakaa, nami nikamchorea.

Kazi ya kikundi tuliiwasilisha wiki iliyofuata. Kitone cha kona tulikiacha mahali pake, na mwalimu alipokiulizia Tae-hyun alijibu kwa sauti kavu ya kijeshi kwamba saa za chumba cha kamera hupima mkono kukaa mezani, hazipimi mkono unafanya nini, na kwamba mhusika amekubali jambo hilo lisemwe. Tulipata alama nzuri. Lakini kazi ile ilikuwa na uzito wa robo tu. Mtihani ulibaki.

Mtihani ulikuwa na maswali sita. La kwanza na la pili niliyafanya. Kwenye la tatu mkono uliganda. Dakika zikaenda, kalamu iko juu ya meza, na msimamizi, kijana mwenye viatu vya 275, akaja akaniinamia.

"Mzee, uko salama? Nikuitie mtu?"

"Nafikiri," nikamwambia.

"Unafikiri uko salama?"

"Hapana. Nafikiri tu."

Alirudi nyuma kwa heshima. Niliandika la tatu. La nne nalo nikalifikia. La tano nililifanya nusu, na la sita sikuligusa, muda uliisha.

Matokeo yalifunguliwa mwezi wa saba, saa nne asubuhi. Nilivaa shati la kola, nikakaa mezani, nikaweka namba ya siri kwa vidole viwili. Takwimu: C+. Wastani wa muhula: mbili nukta tatu moja. Niliwatumia Hae-rin na Tae-hyun herufi ile moja na alama yake ya kujumlisha, bila maneno. Hae-rin alijibu kwa msururu wa vikaragosi vinavyolia ambao simu yangu ilishindwa kuumaliza. Tae-hyun aliandika: "Mzee, C+ yako imenifanya nilie kwenye treni, na mimi nimepata A. Haki iko wapi?"

Mwezi wa nane, siku ya kuchagua masomo, walinipeleka kwenye ukumbi wa kompyuta za michezo ulio chini ya mlima wa chuo, kwa sababu usajili hufunguliwa saa nne kamili, nafasi huisha kwa sekunde chache, na mashine za pale zina kasi kuliko za nyumbani. Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi. Wengine walikuwa na ndala, wengine bado na alama ya mto shavuni. Ilipobaki dakika moja kufika saa nne, kelele zote zilikatika. Nilitazama safu nzima: mikono, mikono, mikono, kila mmoja umetulia juu ya kipanya chake, kidole kimeinuliwa kidogo, na nilijua kwamba katika mji mzima maelfu mengine yameinuliwa hivyohivyo, yakingoja sekunde moja.

"Usibonyeze kabla, Babu," Hae-rin alinong'ona. "Na usifikiri. Leo ndiyo siku ya kutofikiri."

Sekunde ikafika. Ukumbi wote ulilia kwa pamoja, tak, kama mvua ya tone moja. Kioo changu kikawa cheupe, kikakaa hivyo, nami nikashika pumzi. Kisha yakatokea maandishi: Tak Yong-bae, mwaka wa pili, ombi la somo la kwanza limepokelewa. Nyuma yangu Tae-hyun alikuwa anapiga meza akilaani, amekosa. Nililisoma jina langu mara mbili, halafu nikashuka haraka kwenye mstari wa chini, maana Takwimu ya Pili ilikuwa imebakiza nafasi tatu.